Nimefumua siti ya kobe la 1969, ndani nimekuta usumba. Niurudishe au niweke sponji?

#1 KobeLaKikwajuni
Assalam aleikum wakubwa.

Nina Volkswagen kobe ya 1969, ya baba. Ililala bandani miaka mingi, mwaka jana nikaiamsha. Injini sawa, breki sawa, shida siti. Ya dereva niliipeleka kwa fundi makochi mmoja, akatia sponji, akavalisha reksini nyeusi (ile ngozi ya bandia), ikapendeza wallahi. Miezi minne tu, imebonyea katikati kama sahani ya mchuzi na reksini imekunjamana pembeni.

Nikasema basi, hii ya abiria nafanya mwenyewe ukumbini. Juzi nimeifumua. Ndani hakuna sponji hata chembe. Kuna springi, juu yake mabaki ya gunia lililooza, na juu ya gunia tandiko zima la usumba. Usumba wa nazi, huu huu wa kusukia kamba! Mama kauchukua, kaunusa, kasema Wajerumani wamechukua makumbi yetu wakatuuzia kwa bei ya gari.

Maswali mawili. Kwanza, siti ya dereva imebonyea kwa sababu gani? Pili, hii ya abiria nirudishe usumba au niweke sponji?

#2 SindanoKumiNaNane
Jawabu la kwanza jepesi. Umetiliwa sponji ya godoro la bei nafuu. Mtu ukilala uzito unatawanyika mwili mzima, ukikaa uzito wote unashuka pahala pamoja. Sponji nyepesi haistahamili.

Ipime. Kata kipande cha sentimita 10 kila upande, hiyo ni lita moja. Kiweke kwenye mizani ya jikoni. Kikitoka gramu 15 au 18, hiyo ya mto wa kuegemea. Kwa siti ya gari mie sishuki chini ya gramu 30, yaani kilo 30 kwa mita ya ujazo, na ya dereva naipandisha zaidi. Dukani usikubali neno "ngumu". Sponji inaweza kuwa ngumu leo ukiibonyeza na bado ikawa nyepesi, mwezi wa tatu imekufa.

#3 MpembaWaTibirinzi
Nakubali nusu na #2. Hata sponji ya kilo 40 itakufa ukiilaza juu ya springi tupu. Springi inaila sponji kama panya, kila ukikaa inakata kidogo, mwisho imezama ndani. Ndio maana Mjerumani katia gunia hapo kati. Fundi wako nina hakika gunia hakurudisha.

Mie nshafanya siti za Land Rover ya shamba huku Chake. Nilitumia gunia la karafuu, lile la katani, mara mbili, nikalishona kwenye springi kwa uzi wa nailoni. Mwaka wa tatu huu, na gari mpaka leo inanukia msimu wa mavuno.

#4 KijanaWaIlala
Wakuu mnajitesa. Panda boti asubuhi, nenda Kariakoo Dar, nunua kava za kuvalisha juu, jioni upo nyumbani. Siti za zamani nani anaziangalia?

#5 MpembaWaTibirinzi
Wa bara kashafika.

#6 BintiJambiani
Hahaha #4 mwacheni, hajui utamu wa kitu cha baba.

Mie nizungumzie usumba maana huo ndio wetu. Bibi yangu kafukia makumbi maisha yake yote. Kumbi unalifukia pwani, kwenye tope, maji yanapojaa na kutoka, unaliwekea mawe lisichukuliwe. Linakaa miezi, mwengine anasubiri hata zaidi ya nusu mwaka. Ukilifukua linanuka usiombe. Unalipiga kwa gongo mpaka nyama yote itoke zibaki nyuzi, unaanika.

Sasa sikiliza @KobeLaKikwajuni. Usumba huo umeiva ndani ya maji ya chumvi. Chumvi inavuta unyevu. Ukiuweka juu ya springi za chuma bila kuusuuza kwa maji ya mvua au ya bomba mara tatu nne, unazipikia springi zako kutu. Na mie nadhani hata siti ya dereva ilibonyea kwa hilo, springi zimekwisha chini huko na fundi hakuziangalia, kafunika tu.

#7 KobeLaKikwajuni
Ahsanteni. @SindanoKumiNaNane nimekata kipande, mizani ya mama inasoma gramu 17. Umeshinda.

Lakini @MpembaWaTibirinzi nimetia mkono kwa chini, gunia kweli hamna, kuna kipande cha mfuko wa salfeti. Nawe umeshinda.

Na @BintiJambiani springi mbili zimekatika. Sasa nani muongo?

#8 Pweza_Mkavu
Hakuna muongo, swali ni weye una kilo ngapi.

#9 KobeLaKikwajuni
92, na hayakuhusu.

#10 Pweza_Mkavu
Basi kesi imekwisha, sponji haina kosa 😂

#11 BahariaMstaafu
Nina kobe mie pia, rangi ya maziwa. Mama yako anatania lakini usumba wa siti hizi sio wa makumbi ya kawaida. Kiwandani nyuzi zilinyunyiziwa utomvu wa mpira kisha zikabanwa kwenye kalibu mpaka zikashikana na kuchukua umbo. Ndio maana umelitoa tandiko zima kama mkate. Usumba wa Jambiani ukiutia hivi hivi utahama, mwezi mmoja umekusanyika pembeni na weye umekaa juu ya chuma. Na wakubwa wa usumba duniani ni India na Sri Lanka, kwa hiyo uwezekano wa kuwa ni nazi zetu ni mdogo.

Gari zenyewe zimekwisha kutengenezwa miaka ya sabini, ila matandiko mapya unaweza kuagiza.

#12 MzeeWaMlandege
Sahihisho. Ujerumani ndiko walikoacha kuunda kobe 1978. Meksiko waliendelea hadi Julai 2003, jumla zimepita milioni 21. Ndio sababu vipuri vyake havijakauka, na matandiko ya usumba yaliyobanwa bado yanauzwa na wauza vipuri wa Ulaya na Marekani. Lakini tandiko lenyewe jepesi na kubwa, utalipia hewa kuisafirisha.

#13 BahariaMstaafu
Ahsante mzee, nimekubali 2003.

#14 ChumaHalidanganyi
Kabla hamjaendelea na sponji na makumbi, nina neno la hatari. Mwenye kobe asipite bila kulisoma.

Betri ya kobe iko chini ya siti ya nyuma. Siti ya nyuma nayo ni springi za chuma, gunia na usumba mkavu. Kile kifuniko cha betri kikipotea (na kwenye gari nyingi kimepotea), akakaa mtu mzito nyuma, springi zinashuka zinagusa vichwa viwili vya betri. Cheche, waya unapata moto, usumba unashika. Si hadithi, hii inajulikana na wenye kobe dunia nzima. Mie nimewahi kuzima moja hapa Amani kwa mchanga wa ujenzi, mashallah watu walikuwa wameshatoka.

Kwa hiyo ukitengeneza siti ya nyuma, kwanza funika betri kwa kitu kisichopitisha umeme na kilichofungwa kisihame. Pili hakikisha betri ni ya kimo chake, watu wanatia betri refu za magari ya siku hizi. Na ukiwa unafanya kazi, vua waya wa hasi.

Kuhusu kubonyea: naungana na #6 kwa kitu kimoja, springi. Sponji ya gramu 17 ni mbovu lakini haibonyei kama sahani ndani ya miezi minne kama chini yake kumesimama. Kilichobonyea ni chuma.

#15 KobeLaKikwajuni
Subhanallah. Kifuniko changu sijawahi kukiona tangu enzi za marehemu. Nitakitafuta.

Nimeshatoa na siti ya dereva, zote mbili ziko ukumbini. Mama anauliza wageni wa Ijumaa watakaa wapi. Springi zilizokatika nifanyeje, nichomelee?

#16 ChumaHalidanganyi
Usichomelee. Waya wa springi ukipata moto unapoteza ukakamavu wake, utakatika pembeni ya ulipochomelea. Tafuta siti iliyokufa, hata ya gari nyengine, kata springi za unene ule ule, zifunge kwa waya. Fremu isugue kwa brashi ya waya mpaka uone chuma, piga rangi nyekundu ya kuzuia kutu, ikauke, ndipo rangi ya juu. Kisiwani hapa chuma kisichopigwa rangi kinaliwa na chumvi ya hewa bure.

Na yale meno madogo ya fremu yanayoshika reksini, usiyavunje. Yakivunjika utavuta kitambaa ukifunge wapi?

#17 MzeeWaMlandege
Mie nimeshona makochi na siti tangu enzi za chai maharage, zile gari za abiria za zamani, na naona wote mmeangalia chini mkasahau juu. Kijana kasema mambo mawili: imebonyea NA reksini imekunjamana. Mikunjo haiji kwa sababu ya springi peke yake. Mikunjo inakuja kwa kitambaa kilichokatwa kikubwa, au kilichovutwa kikiwa baridi.

Reksini ni kama ngozi ya ngoma. Ukiivuta asubuhi ya baridi inakataa, unaifunga, mchana gari imesimama juani Forodhani inatanuka, inalegea. Mie naiweka juani kwanza robo saa, iwe laini mkononi, ndipo naivuta. Ikipoa inakaza yenyewe. Wazungu wanatumia mashine ya kupuliza hewa ya moto, sisi Mungu katupa jua la bure.

Pia reksini haipitishi hewa. Mtu akikaa, hewa ya ndani ya sponji itoke wapi? Inasukuma mishono. Ile ya zamani katikati ilikuwa na vitobo vidogo vidogo, watu wakidhani ni urembo.

#18 SindanoKumiNaNane
Mzee heshima yako, hapo kwenye jua naongezea tu. Jua hilo hilo ndilo linaloua reksini baadaye, kile kinachoifanya laini kinaruka kidogo kidogo, inakauka na kupasuka. Kwa hiyo gari kivulini.

Sasa @KobeLaKikwajuni ngoja nikwambie ushonaji maana naona unataka kuparamia.

Kava la zamani usilirarue. Lifumue mshono kwa mshono kwa wembe, polepole. Kabla hujafumua, andika kwa chaki kila kipande: juu, mbele, kushoto, kulia. Na kila mshono utie alama ndogo mbili tatu zinazovuka vipande viwili, ili vikutane tena pale pale. Ukiacha hili utamaliza kushona ukute kona ya kushoto imekwenda kulia, mie yamenikuta, nilifumua usiku kucha.

Vipande hivyo ndio kiolezo chako. Lakini kumbuka vimetanuka miaka 50, hasa cha katikati. Ukivifuata vilivyo utapata kava kubwa, na ndio mikunjo anayosema mzee. Punguza nusu sentimita upande wa katikati. Ya mshono acha sentimita moja na nusu.

Cherehani ya kawaida ya nyumbani, Singer au Butterfly ya kukanyaga, inaweza, ila usiikimbize. Tabaka nne zungusha gurudumu kwa mkono. Sindano namba 18. Uzi wa poliesta au nailoni, wa pamba utaoza kwa jasho. Na hatua ya mshono iwe ndefu, milimita 4. Watu wanadhani mshono wa karibu karibu ndio imara. Kwenye reksini ni kinyume, unatoboa mstari wa matundu, siku moja inachanika kama stempu.

Reksini inagoma kuteleza chini ya mguu wa cherehani? Paka poda ya watoto, au weka kipande cha karatasi juu, ukimaliza kichane.

Paipini ya pembeni, ule ukingo wa mviringo kwenye mshono, usinunue. Kata utepe wa reksini, ndani weka kamba nyembamba ya nailoni.

#19 BintiJambiani
Kamba ya nailoni? Usumba umekosa nini 😄

#20 SindanoKumiNaNane
Bibiye, kamba ya usumba inachoma mapaja kwa juu ya reksini. Niliijaribu.

#21 KijanaWaIlala
Kwa kweli nilikuja kuwatania lakini nimesoma mpaka hapa. Swali: kwani Morris Minor nazo zilikuwa na usumba? Babu yangu alikuwa nayo, nakumbuka siti ilikuwa inamwaga unga wa njano ukikaa.

#22 MzeeWaMlandege
Karibu mjini. Unga wa njano ni sponji ya mpira, ya utomvu, Dunlop wa Uingereza ndio walioileta 1929. Ikizeeka inakuwa ngumu kama biskuti halafu inamwagika. Gari za Kiingereza nyingi zilikuwa nayo. Mjerumani kabaki na usumba miaka mingi.

#23 MpembaWaTibirinzi
Ndio hoja yangu. Mpira umekuwa unga, sponji ya kisasa miezi minne, usumba miaka hamsini na ushei na bado umeshikana. Kijana arudishe usumba.

#24 Pweza_Mkavu
Na kunguni wake arudishe? Ami yangu alikuwa na kochi la usumba, tulikuwa tunakaa chini sakafuni kwa hiari yetu.

#25 MpembaWaTibirinzi
Kunguni hachagui, anakaa hata kwenye sponji. Hao walikuwa wa ami yako.

#26 BahariaMstaafu
Mie wangu nilichanganya. Tandiko la zamani la usumba sikulitupa. Nilipiga vumbi, nikalianika siku mbili, pale palipopasuka nikapachika usumba mpya uliosuuzwa nikaubandika kwa gundi ya utomvu. Juu yake nikalaza sponji nzito ya sentimita mbili tu, kisha reksini. Usumba unabeba, sponji inalainisha. Mwaka wa pili, haijakunja.

Siri moja ya kuvalisha: kati ya sponji na reksini weka karatasi nyembamba ya nailoni, kava linateleza kama soksi. Ukishaweka sawa, ivute nje.

#27 MzeeWaMlandege
Ivute nje, narudia. Wapo wanaoiacha ndani. Kwa joto letu ni sawa na kukaa juu ya mfuko wa mkate, na siti inalia kwiri kwiri.

#28 ChumaHalidanganyi
Baharia kafanikiwa kwa sababu springi zake nzima. Narudi pale pale.

#29 SindanoKumiNaNane
Na kwa sababu sponji yake nzito. Mie nami narudi pale pale.

#30 KobeLaKikwajuni
Wakubwa, ripoti.

Siti ya abiria nimeimaliza jana. Nilifuata #26: springi nimepaka rangi, gunia la karafuu mara mbili (shukrani Pemba, gari inanukia pilau), tandiko la zamani la usumba limerudi, sponji sentimita mbili ya gramu 32. Nimenunua reksini Mchangani, ya kahawia, ile ya rangi yake ya asili hamna. Nilivunja sindano sita. Mshono wa kona ya mbele kulia umepinda, tukubaliane kwamba hamtauona.

Kuvuta nilifanya saa saba mchana juu ya dari, reksini imelala kama samli. Nilianza kati kati ya mbele, kati kati ya nyuma, kisha pembeni, kona mwisho. Kona ndio kazi. Moja niliifungua mara nne.

Ya dereva nimefanya tafauti makusudi, ili nijue. Springi nimebadilisha mbili, gunia nimetia, lakini juu sponji tupu ya gramu 32, usumba hamna. Gari ile ile, mie yule yule.

#31 Pweza_Mkavu
Kilo 92 zile zile.

#32 ChumaHalidanganyi
Hilo jaribio halithibitishi kitu. Umebadilisha springi, gunia na sponji kwa pamoja. Isipobonyea utasema kilichoponyesha ni kipi?

#33 MzeeWaMlandege
Na ya dereva inakaliwa kila siku, ya abiria inakaliwa na nani? Ulinganishe kwa haki, mpe mtu aikalie.

#34 KobeLaKikwajuni
Mama kaipanda jana mpaka Mwanakwerekwe sokoni na kurudi. Kasema ya usumba inadunda vizuri, imemkumbusha baba. Kisha kasema ya dereva ni nzuri zaidi, kwa sababu ina usukani wa kushikilia.

#35 BintiJambiani
Mungu amuweke. Usumba wa tandiko la siti ya nyuma ukihitajika nijulishe, dada zangu wamefukua juzi. Tutausuuza wenyewe.

#36 KobeLaKikwajuni
Nauhitaji. Ya nyuma naianza wiki ijayo inshallah. Leo jioni nawapakia watoto wa dada wote wanne nyuma tukale urojo Forodhani.

#37 ChumaHalidanganyi
Betri umeifunika?

#38 KobeLaKikwajuni
Nashuka chini sasa hivi.